Pua ya Mama Glasi

Mke wangu hanywi maji ya mtu bila kuyanusa kwanza, na tabia hiyo imeniaibisha katika nyumba za watu tangu siku za uchumba. Alipokuja kwetu mara ya kwanza, mama yangu alimletea maji kwenye trei. Akaiinua glasi, akainusa, akatulia kidogo, ndipo akanywa. Mama alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Huyu uliyetuletea anatudhani sisi wachawi?" Nikamwambia ni mazoea tu. Miaka thelathini na miwili imepita na bado ni mazoea tu, ila sasa ndiyo kazi yake.

Tunafanya kazi pamoja kwenye yadi inayokodisha magari makubwa yenye kitanda, jiko, choo na bafu ndani yake. Familia hulichukua gari wiki moja au mbili, ikaenda kutembea bila kuhangaika na hoteli. Sisi wa yadini tunayaita nyumba, na tunazo nyumba kumi na nne. Mimi nashona mapazia na kuvalisha magodoro, ndiyo maana vijana wa pale wananiita Mzee Pazia, jina nisilolipenda na ambalo nimechoka kulipinga. Yeye anaitwa Mama Glasi, na la kwake analipenda.

Hakuanzia kwenye maji. Miaka kumi na mmoja alifua mashuka ya nyumba hizo, mikono ikambabuka kwa sabuni, na hakuna aliyewahi kumuuliza maoni yake juu ya kitu chochote. Kisha msimu mmoja wateja watatu mfululizo walirudi wakilalamika kuumwa tumbo. Bosi wetu, mwanamke mdogo kwa mke wangu kwa miaka kama kumi, aliita mkutano. Watu wakasema ni vyakula vya njiani, ni joto, ni wateja wenyewe kula hovyo. Mke wangu, aliyekuwa akipita na kapu la mashuka, akasimama mlangoni akasema, "Ni mpira wa maji." Wote wakageuka. Akaeleza kwamba kwa wiki nzima alikuwa akimwona mwosha magari akisuuza kasha la choo kwa mpira ule ule anaojazia tangi la maji ya kunywa. Kesho yake Bosi alimwondoa kwenye mashuka na kumkabidhi maji ya nyumba zote. Nilimwona akitembea siku ile, mabega juu, na mimi mwenyewe nikajikuta natembea hivyo hivyo.

Tangu hapo maji ya yadi yakawa dini, na yeye ndiye kasisi. Kuna mpira mweupe wa maji ya kunywa na mpira wa kijivu wa uchafu, na ole wako uichanganye. Mpira mweupe haulazwi chini. Ukimaliza kazi unamwagwa maji yote, ncha zake mbili zinaungwa mdomo kwa mdomo ili mdudu asiingie, unalazwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa nilioushona mimi kwa amri. Nathubutu kusema mpira ule unatunzwa kuliko mimi. Mimi sijawahi kushonewa mfuko.

Nyumba ikirudi kutoka safarini, anamwaga tangi lote, maana maji yaliyolala siku nyingi huota utelezi. Anaingiza mkono mpaka kwapani, anasugua, anatoa chujio aliweke kando. Kisha anajaza maji mapya yenye dawa ya klorini isiyo na manukato, kwa kipimo, kikombe kidogo kwa tangi zima, na anafungua bomba moja moja: la jikoni, la bafuni, la kunawia, la choo, baridi na moto. Kila bomba analisubiri mpaka harufu ya klorini itoke, kwa sababu dawa isiyofika mwisho wa bomba, anasema, ni dawa ya kutuliza moyo wako tu. Anaiacha ilale saa nne au zaidi. Halafu anamwaga, anajaza, anamwaga tena, mpaka harufu iishe, ndipo chujio jipya linawekwa.

Asubuhi ya mteja kuondoka ndiyo glasi inapokuja. Anakinga maji ya bomba la baridi, ananusa, anakunywa yote mbele ya mteja. Ya bomba la moto anayakinga kwa viganja, ananusa, ananawa uso. Mteja akiuliza kama maji ni salama, jibu lake ni moja: "Nimeyanywa mwenyewe." Sijawahi kumwona mteja akiuliza swali la pili.

Basi mwaka huu yakaja mafua ya ajabu. Yalimlaza mke wangu siku tano, homa ikashuka, kikohozi kikaisha, akarudi kazini. Jumapili moja nilikuwa uani nikitengeneza kiti, yeye yuko jikoni, maziwa yako jikoni pamoja naye. Nikasikia harufu hadi kule nje. Niliingia mbio nikakuta sufuria inatoa moshi mweusi, na mke wangu amekaa hatua tatu kutoka hapo, amenipa mgongo, anachambua mboga.

"Maziwa yanaungua," nikasema.

"Wapi?"

Nilizima moto, nikaketi. Yeye akaitazama ile sufuria, kisha akasema polepole, "Sisikii harufu yoyote. Tangu nilipoamka kitandani. Sabuni, kitunguu, wewe, chochote." Nilitaka kumtania kwamba kutonisikia mimi ni nafuu kwake, lakini uso wake ulinikataza. Muuguzi tuliyemwendea alisema pua hurudi, lakini yaweza kuchukua wiki, yaweza kuchukua miezi, hakuna anayejua.

"Bosi asijue," akaniambia tukiwa njiani. "Akijua mimi sinusi, nitafanya nini pale? Nitarudi kwenye mashuka. Na safari hii nitarudi mzee."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nalijua hilo na nimewaambia watu wengi. Siku ile sikulisema. Nilichosema ni kwamba mimi ninayo pua, haina kazi nyingine, na tutaitumia wote wawili. Nilijisikia mume bora katika nchi yote.

Mpango ulikuwa rahisi. Yeye anafungua bomba, mimi napita kama kwa bahati, nimeshika pazia la kujaribisha dirishani, nainama kidogo, nanusa, natikisa kichwa au naitikia. Nyumba tatu zilitoka hivyo na zikarudi salama, wateja wakicheka. Nikaanza kutoa ushauri. Nikawa nasema "hapa bado kidogo" kwa sauti ya mtaalamu. Mke wangu alinivumilia, ila usiku halali vizuri, namsikia akigeuka kitandani. Kila asubuhi anafungua kopo la kahawa, anaingiza pua ndani, analifunga tena.

Nyumba namba tisa ilikuwa imekaa wiki tatu kwenye banda la matengenezo, hita ya maji moto imeharibika. Fundi wetu wa mabomba, tunayemwita Spana, ni mtu mwema mwenye mikono ya dhahabu na kichwa chenye matundu. Alimwambia mke wangu kwamba hita imepona, na kweli ilikuwa imepona. Hakumwambia kwamba koki aliyoifunga wakati wa matengenezo bado ilikuwa imefungwa, maji yanapita kando ya hita badala ya kuingia ndani yake. Kwa hiyo mke wangu aliposafisha namba tisa, dawa ilipita kila mahali isipokuwa ndani ya hita, ambamo maji ya zamani yalikuwa yamelala wiki tatu kwenye giza. Asubuhi ya safari Spana akakumbuka koki yake, akaifungua, akaenda kunywa chai.

Wateja walikuwa vijana wawili, mke na mume, na binti yao wa miezi mitano. Walikuwa wanakwenda kwa wazazi wa mke, mwendo wa siku mbili, wazee ambao walikuwa hawajamwona mjukuu ila kwenye simu. Mume alishapakia mizigo na kuvaa miwani ya jua. Bosi alikuwa pale na funguo mkononi.

Mke wangu akakinga glasi, akainusa kwa heshima kama kawaida, akanywa. Akafungua bomba la moto, akanawa uso. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na pazia langu, nikajongeza pua, nikavuta hewa, nikaitikia kwa kichwa. Safi kabisa.

Yule mama kijana alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, mtoto wangu anatumia maziwa ya kopo. Maji haya nikiyachemsha naweza kumkorogea?"

Nilishamsikia mke wangu akijibu swali hilo mara mia. Nikangoja yale maneno mawili, na hayakuja. Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa anatafuna kamba ya mbeleko, kisha akaiweka glasi juu ya meza ya jikoni.

"Sijui," akasema.

Katika miaka thelathini na miwili sikuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake, hata pale alipokuwa hajui kweli. Bosi akashusha funguo. Yule mume akavua miwani.

"Pua yangu imekufa," mke wangu akaendelea, akimwangalia Bosi sasa. "Tangu nilipougua. Nimeyanywa maji haya, lakini yangekuwa mabovu nisingejua. Tangi nimelisafisha kwa mikono yangu, hilo naapa. Lakini siwezi kukwambia mkorogee mtoto kwa sababu mimi nimeyanywa. Huo ungekuwa uongo."

Nikaona lazima nimtetee. "Mimi nimenusa," nikasema. "Nimenusa yote, ya baridi na ya moto. Hayana tatizo."

Yule mama kijana akanipita. Alipanda ndani, akafungua bomba la baridi, akainama. "Hili zuri." Akafungua la moto, na kabla hajainama akarudi nyuma, mkono puani. "Hili linanuka yai viza."

"Haiwezekani," nikasema, nikaenda kunusa tena, kwa nguvu, mpaka kifua kikajaa.

Alinitazama kwa huruma, kama watu wanavyomtazama baba mkwe. "Mzee, samahani. Una nini mdomoni?"

Nilikuwa na peremende. Nimeacha sigara tangu mwanzo wa mwaka, na tangu hapo nakula peremende za mnanaa, zile kali za kufungua kifua, moja baada ya nyingine toka asubuhi hadi jioni. Dunia yote kwangu inanuka mnanaa. Mapazia yananuka mnanaa, supu inanuka mnanaa, na maji ya namba tisa yalinuka mnanaa mzuri kabisa. Yale maziwa niliyasikia kwa sababu Jumapili pakiti ilikuwa imeniishia. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nalo pana. Niliitema ile peremende kwenye kiganja, na sikujua niipeleke wapi mbele ya watu wote wale.

Mke wangu aliitazama ile peremende, kisha akanitazama mimi, na nikajua mazungumzo yetu ya jioni yatakuwa marefu. Lakini hapo hapo aligeuka kuwa mtu wa kazi. "Ya moto tu ndiyo yanayonuka, ya baridi hayanuki," akasema. "Basi si tangi. Ni hita. Mwiteni Spana."

Spana alikuja na kikombe chake cha chai, akasikia neno hita, akaweka kikombe chini polepole. Alikiri mara moja, hilo namsifu. Bosi akawageukia wateja, akawaeleza kilichotokea bila kupunguza wala kuongeza, akasema hakuna nyumba nyingine iliyo tayari kwa safari, na kuisafisha hii upya kutachukua siku nzima. Yule mume akaanza kusema kwamba wazee wanangoja, kwamba walishaaga majirani. Mkewe akamkata: "Wazee wamengoja miezi mitano. Watangoja na kesho."

Basi tukaanza upya. Spana alimwaga maji ya hita, na safari hii harufu ilitoka hata mimi nikaisikia. Akaisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Mke wangu akatoa chujio, akapima klorini, akajaza tangi. Mama kijana alikuwa ndiye pua. Anasimama kwenye kila bomba, mke wangu anafungua, yeye anasema, "Bado. Bado. Bado, mama. Imefika." Wakahamia lingine. Nilikuwa nawasikia kutoka karakana yangu, na baada ya bomba la tatu walikuwa wanacheka juu ya jambo ambalo nina hakika lilinihusu.

Saa za kungoja dawa ilale, yadi ikageuka sebule. Mtoto alilazwa kwenye godoro jipya la namba sita katikati ya vitambaa vyangu, akalala kama aliyelipia. Mume, ambaye mwanzoni alikuwa akizunguka na simu, alichoka kuzunguka akaomba kazi. Akapewa mpira mweupe aushike wakati wa kujaza maji ya kusuuza. Akaulaza chini mara moja, ncha kwenye vumbi, ili ajikune. Mke wangu alimpa somo lile lile ninalolijua kwa moyo, kuanzia mdudu mpaka mfuko wa kitambaa, na kijana akaushikilia mpira ule mikononi kama mtoto wa pili mpaka kazi ilipokwisha.

Ilikuwa wakati huo ndipo Bosi alipomwita mke wangu pembeni, karibu na dirisha langu. Sikusogea, naungama. Kazi ya kushona inahitaji utulivu.

"Dada, tangu lini?"

"Siku kumi na tisa."

"Na ulipanga kuniambia lini?"

"Pua ikirudi."

Bosi akasema kwa hasira, na ilikuwa hasira ya kweli, "Nyumba ngapi zimetoka hivyo? Tatu? Mungu ametustiri. Ungeniambia siku ya kwanza ningekupa mtu wa kunusa, kwani kuna ugumu gani? Kila mtu hapa ana pua. Ambaye ana adabu ya maji ni wewe peke yako, na huyo sina wa kumbadilisha. Usinifiche tena." Akaondoka hatua mbili, akarudi. "Na mtu wa kunusa asiwe mumeo."

Nilijikaza kisabuni nikaendelea kushona. Lakini moyoni nilifurahi hata sindano ikanichoma, kwa sababu nilimwona mke wangu kupitia dirishani, ameegemea ukuta, anapumua kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani baada ya mlima mrefu.

Wakamwaga, wakajaza, wakamwaga. "Bado, inanuka kama bwawa la kuogelea," mama kijana akasema mara ya kwanza. Mara ya pili akasema imebaki kidogo. Mara ya tatu alikaa sana juu ya kila bomba, la baridi na la moto, akasimama akanyoosha mgongo. "Hakuna kitu. Maji tu." Mke wangu akaweka chujio jipya, akamshukuru. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea, na wateja wakaamua walale ndani ya namba tisa hapo hapo yadini, waondoke alfajiri.

Mtoto aliamka na njaa yake yote. Mama yake akawasha jiko la ndani ya gari, akachemsha maji ya bomba, akayaacha yapoe kwenye chupa ndani ya bakuli la maji baridi, akakoroga maziwa. Mke wangu alikuwa amesimama nje mlangoni, mikono ameikunja kifuani, hataki kuangalia na hawezi kuondoka.

"Umeyanusa tena?" akauliza.

"Nimeyanusa, nimeyaonja, baba yake kayaonja." Akashuka ngazi na mtoto, akamweka mikononi mwa mke wangu, akampa na chupa. "Tulishakodi gari sehemu nyingine mbili kabla ya hapa. Kote huko walikuwa wanajua kila kitu; wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui. Mnyweshe wewe."

Mke wangu alikaa kwenye ngazi ya gari. Mtoto aliikamata chupa kwa mikono miwili, akanyonya kwa sauti, macho juu ya uso wa mtu asiyemjua. Sisi wengine tulisimama pale kama wajinga, Bosi, Spana, baba wa mtoto na mimi, tukiangalia maziwa yakishuka. Machozi yalimtoka mke wangu na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Mtoto alimaliza yote, akacheua begani kwake, na mke wangu hakulifuta bega lile mpaka tulipofika nyumbani.